Hema la Kumeza Mkoromo

Hermance alibandika sikio kwenye hema la nailoni, akaamuru, "Kohoa."

Mumewe, Firmin, aliyekuwa amejikunyata ndani, akakohoa kwa adabu, kama mtu aliye kanisani.

"Ananikoholea sikioni kabisa," Hermance akamwambia muuzaji. "Hili hapana, mwanangu."

Muuzaji, Nadège, alikuwa amewazoea wateja wa siku za kabla ya Pasaka, wakati nusu ya Guadeloupe inapohamia ufukweni na masufuria yake ya kaa. Wengi huuliza kama hema litavuja. Hakuwahi kuona familia inayochagua kitambaa kwa masikio. Hata hivyo aliwaeleza yote: nailoni ni nyepesi na hukauka upesi, poliesta huvumilia jua, pamba ni nene na mchana hukaa na ubaridi wake ndani, ila uzito wake ni balaa.

Firmin akahamia kwenye poliesta, akakohoa tena. Hermance akatikisa kichwa.

Kisa chenyewe mama huyo alikitoa bila kuulizwa. Mwaka jana, pale ufukwe wa Bois-Jolan, majirani waliokosa usingizi kwa mkoromo waling'oa hema lao asubuhi ya pili wakahamia mbali, hata kuaga hawakuaga. Kufika mchana, ufukwe mzima ulikuwa ukimwita Firmin Jenereta. Mwenyewe akacheka nao. Hermance alikwenda kulia nyuma ya gari. Sasa ameapa kwamba bila hema la kuficha aibu hiyo haendi popote, na binti yao anayekuja kutoka Paris na mjukuu wa kwanza watakula kaa bila yeye.

"Mimi mwenyewe simsikii," alisema. "Nikilala nimelala, namshukuru Mungu. Lakini maneno ya watu, mwanangu, yanauma."

Nadège akamtupia mzee jicho la pembeni. Macho mekundu, yamevimba, mtu wa kusinzia hata akiwa wima. Hawa ndio wale, aliwaza, wanaowakosesha wenzao usingizi halafu wanajifanya wapole.

"Tuchukue la pamba," Firmin akasema.

Hermance akamkumbusha mgongo wake mbovu.

"Nitalibeba mimi," akajibu.

Lakini Hermance hakuridhika. Kikohozi si mkoromo, alisema, na yeye alitaka jaribio la haki. Basi Nadège akajaza upepo godoro, akaliweka ndani ya hema la pamba. Firmin akaingia, akajilaza. Hermance, ambaye tangu alfajiri alikuwa amesimama sokoni akiuza viungo, naye akaingia aone kama watu wawili wanaenea. Zipu ikafungwa. Nadège akaenda kumhudumia mteja wa majiko ya gesi.

Aliporudi, hema lilikuwa likinguruma.

Pamba ilikuwa imejitahidi, hilo alikiri. Ukiwa mlangoni mwa duka ungedhani ni pikipiki inayopita mtaa wa pili. Lakini hapo karibu, vigingi vya chuma vilikuwa vikigongana kwenye rafu, na mteja wa majiko alikuwa ameacha kuhesabu chenji yake. Nadège aliingiwa na huruma. Miaka yote hii mama wa watu analala ubavuni mwa kitu kile, halafu anatetea ndoa yake kwa kununua hema. Akashika zipu ili amtoe.

Mkono ukamgusa begani. Nyuma yake alikuwa amesimama Firmin, soksi miguuni, viatu mkononi, na hema bado linanguruma.

"Akiamka," alinong'ona, "mwambie umenisikia kidogo tu."