Uji Katika Kikombe cha Kahawa

Mwanamke mnene ambaye Mwantumu hakumjua alipiga hodi, akamkuta akinywa uji kwa kikombe cha kahawa.

“Karibu, umenikuta nakula. Mama mkwe wako anakupenda.”

Mgeni akachungulia kikombe. “Kwa hicho? Basi ananichukia!” Wakacheka. “Naitwa Yunisi. Nimeelekezwa kwako hospitalini. Kesho napasuliwa kupunguzwa tumbo, kama ulivyopasuliwa wewe. Kweli unashiba?”

“Vijiko vitatu tu, dada. Tumbo linatulia, macho ndiyo yanabaki na njaa.”

Yunisi akaacha kucheka. “Nikifika mlango wa chumba cha upasuaji peke yangu, nitageuka nirudi.”

“Nitakuwepo.”

Asubuhi, mshono ulimvuta Mwantumu kila alipoinua mguu. Alipumzika mara nne kwenye ngazi za hospitali. Juu, Yunisi alikuwa ameshaupa mlango mgongo, mkoba begani. Mwantumu, akihema, akamnyooshea mkono.