Zamu ya Bahari

Kila mtu huruhusiwa kuiona bahari mara moja tu maishani. Mimi nilipelekwa nikiwa na miezi minane. Nimebaki na picha: niko begani kwa baba, nimelala fofofo.

Kwa hiyo tulipotoka Voi asubuhi na watoto wetu wawili, nilijua mume wangu Mwakio ataniacha kwenye lango la Mazeras. Nilichomficha ni kwamba nitashuka na mdogo, Mwadime.

Langoni jua lilikuwa limeshawaka. Nikamfungua mtoto mkanda, nikamfunga mgongoni kwa leso.

“Mama Mghoi, unafanya nini?” Mwakio akauliza. “Mwache aende na dada yake.”

“Ana mwaka mmoja. Ataenda siku atakayoweza kurudi akanisimulia.”

“Na wakiifunga bahari kabisa kabla ya siku hiyo?”

Nilimpa Mghoi, binti yetu wa miaka saba, mfuko wa mahamri, nikamwambia ole wake akisinzia.

Walirudi jioni. Mghoi alinirukia, nywele zimejaa mchanga, akasimulia mbio mbio hata sikuambulia kitu. Nikaushika mkono wake, nikaulamba. Chumvi! Hiyo hakuna sheria iliyoikataza.

Mwadime, niliyekuwa nimempakata, akauinamia mkono uleule, ulimi nje kama alivyoniona.

Nikakirudisha kichwa chake nyuma kwa kiganja.

“Wewe bado,” nikamwambia.

Alilia mpaka Voi. Sikumbembeleza.