Ugonjwa Uliomo Katika Mbegu

"Huu upofu si uchawi, Bi Tausi," alisema daktari wa mifugo, aliyeleta majibu ya vipimo vya mate ya mbwa. "Wataalamu wamechora ramani ya mbegu za urithi za mbwa, na palipoharibika wanapajua. Baba mzima, mama mzima, kumbe kila mmoja kaficha kipande kibovu, vikakutana kwa mtoto. Uliwapandisha ndugu?"

"Binamu kwa binamu. Nilitaka mbwa wakali wa kufukuza ngedere shambani, mbegu isitoke nje."

Mtoto wa mbwa aliuparamia ukuta kana kwamba haupo. Bi Tausi alikumbuka ya kwao. Bibi yake mzaa baba alipofuka angali mwari, ukoo mzima ukasema kijicho cha watu. Na leo wanakuja kumposa Mwanakheri, binti yake, aolewe na mtoto wa mjomba wake.

"Na watu je, daktari?"

"Hivyo hivyo, mama. Ukoo wenye upofu upimwe kwanza."

Vicheko vya wageni wa posa, mke wa kaka yake mbele, vilifika mlangoni. "Hodi! Wifi, mbona umejifungia, au mahari imepanda?"

Chumbani Mwanakheri alicheka, akikazia kanga mpya. Bi Tausi alishika komeo kwa mikono miwili, asilifungue.