Shimo la Pelagia

"Mzee, na shimo hilo nalo ulizibe! Wageni wanapita saa sita na magari yao ya kale," mtendaji wa kata alisema, akawasha pikipiki.

"Mke wangu alipopitishwa hapa kwa machela, mbona hamkuziba?"

Pikipiki ilishaondoka. Mzee akayaziba mashimo yote ya njia ya Makere, ila lile ambamo wabebaji walijikwaa, mkewe Pelagia akakata roho. Gari la wageni livunjikie humo, wakubwa waaibike.

Kisha likatokea: gari la Kiingereza la michezo, la kijani, viti viwili, pua ndefu, tumbo karibu liguse vumbi. Redioni walisema yamebaki manne tu duniani. Halikunguruma, liliimba. Dereva alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi; kando yake kiti cha ngozi kilikuwa kitupu.

Pelagia angetosha pale, na kitenge chake cha Jumapili.

Mzee akarukia shimoni, akapunga jembe juu.

Breki zikalia. Mama yule akalitazama shimo, akamtazama yeye, kisha akafungua mlango wa kiti kitupu.

Mzee akavua kofia, akaanza kujifuta udongo miguuni.