Miche ya Tumpale

Mama mkwe alimwonya Tumpale asipande maharage kabla ya msimu wa jalidi, ile baridi inayounguza mimea, kuisha, lakini ghala lilikuwa tupu na Subi na wadogo zake walilia njaa, akapanda. Jioni moja, miche ikiwa imeshachipua, mbingu ilitakata, upepo ukatulia, baridi ikaanza kuuma masikio. Alifunika miche kwa magunia na kanga zake zote, lakini matuta mawili yakabaki wazi. Akaingia ndani, akasimama kando ya kitanda cha mumewe mgonjwa, akilitazama blanketi alilojifunika.

"Chukua blanketi, Mama Subi," mumewe alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nitatetemeka tu. Maharage yatakufa."

Akalivuta blanketi lililolowa jasho la homa. Alipolitandaza juu ya miche, mvuke mwembamba ulipanda, ukapotea hewani.