Mkanda wa Mama

Kwa heshima na taadhima, mimi Lameki, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni, nautangazia umma kwamba leo nimeutoa mwili wangu kwa maendeleo ya afya nchini. Maana yake, nimejaza punje za mahindi kwenye kiatu.

Mama ni mhudumu wa afya wa kata yetu, na kesho ana mtihani wa kupandishwa cheo. Mgonjwa huvaa bangili, mhudumu huvaa mkanda, na kila anachokisikia mgonjwa mwilini mhudumu naye hukisikia, kisha hukitaja. Akifaulu, mkanda wake hauvuliwi tena, na kata nzima huvishwa bangili. Leo alikuwa akijizoeza, na mgonjwa mwenye bangili nilikuwa mimi.

"Jino linaniua, Mama," nililalamika.

Mama alifumba macho. "Jino lako liko kisiginoni, baba. Vua hicho kiatu."

Nilivua. Yeye akabaki amefumba macho, mkono kifuani.

"Na hapa panapobana, umejaza nini?"

"Hapo sijajaza kitu."

"Basi sema mwenyewe, kabla sijataja."

Hapo nilikamatika. Nikakiri kwamba mahindi yalikuwa ya kumchanganya, ajione hajaiva, kesho asiende. Juzi nilimwona sokoni mkufunzi wake, aliyefaulu mwaka jana. Alikuwa akichechemea miguu yote miwili, ameshika tumbo, huku akitabasamu na kusalimia watu.

"Sikutaka ufaulu, Mama," nikasema. "Wakikufunga huo mkanda, sitaweza tena kuumwa bila kukuumiza."