Nondo ya Mwisho ya Dirisha la Jiko

Siku hizi kila mtu anajua kwamba chuma hutunza sauti, na huitoa mara moja tu, kikivutwa ghafla hadi kikatike. Nondo nyingine za dirisha la jiko la marehemu mama yake Mwanahawa zilitoa milio ya sufuria tu. Alikuwa amebakiwa na hii moja.

"Niivute polepole, dada?" fundi Shomari alimtania, mkono kwenye mashine ya kuvutia vyuma. "Itajinyoosha kama mvivu, isiseme neno."

"Ghafla, kaka, kabla sijaghairi."

Nondo ilikaza, ikakatika kwa kishindo.

"Mwanahawa! Njoo ule, ugali unapoa!"

"Abee, mama!" aliitika, akainuka kitini.

Shomari alizima mashine. Jioni alikula peke yake jikoni, akijaribu kukumbuka kama sauti ile ilikuwa nzito au nyembamba.